Nimejitengenezea mwenyewe. Je, nimtengenezee na mtoto wa jirani?

Asalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda changu Kisauni. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa shule ya msingi. Siku hizi sidungi tena sindano kila mlo. Navaa pampu ya insulini niliyoletewa na binamu yangu aliyeko Uingereza. Muda wake wa dhamana umekwisha, lakini yafanya kazi. Mkononi nina senza ya sukari, ile ya siku 14. Kati ya hivyo viwili ipo simu yangu yenye AndroidAPS, programu waliyoiandika wagonjwa wenyewe na jamaa zao wakaiacha wazi kwa yeyote. Haiuzwi, wala huipati dukani ikiwa tayari. Unachukua msimbo wake, unaujenga kwenye kompyuta yako kwa Android Studio, unatia ufunguo wako wa siri, ndipo unaiweka kwenye simu. Kila dakika 5 inasoma sukari, inapiga hesabu ya insulini iliyobaki mwilini na wanga niliouandika, kisha inaiamuru pampu iongeze, ipunguze au isimame. Usiku nalala. Asubuhi naamka na sukari ya 6 au 7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

Sasa jirani yangu mmoja, mama aliyekua pamoja na dada yangu mkubwa, ana binti wa miaka 9 mwenye ugonjwa huu huu. Siku moja alikuja kibandani kubadilisha kioo cha simu, akaniona natazama mstari wa sukari, akauliza ni nini. Nikamweleza. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Mtoto ana kilo 26, hudungwa insulini ya mawingu, ile ya 30/70, yuniti 13 asubuhi na 7 jioni, mwendo wa saa kumi na mbili u nusu. Kwenye saa nane usiku sukari humshuka. Juzi mama alimkuta amelowa jasho, ukimwita haitiki, kipimo 2.1. Mama hata usingizi hana tena.

Anachoniomba ni nimjengee programu kwenye simu yake, na nimpe pampu yangu ya pili, ambayo nimeiweka akiba iwapo hii ninayoivaa itakufa. Mirija na senza asema atauza hata mkufu wake anunue kupitia kwa binamu yangu. Yeye hupika viazi karai na bajia za kuuza, kompyuta hajawahi kuishika.

Kanuni ya wenye programu naijua: kila mtu ajijengee yake, asimgawie mwingine. Lakini kila nikimwona mtoto yule najiona mchoyo. Daktari wa kliniki yao alipotajiwa habari hii alisema vitu vya mtandaoni hataki kuvisikia. Mke wangu aniuliza, nikitoa pampu na yangu ikafa, nitafanya nini. Mamangu naye aniuliza, mtoto akifa na pampu imo kabatini mwangu, nitasema nini mbele ya Mungu. Hata mlangoni kwao siku hizi sipiti, nazunguka.

Nimsaidie au nikatae?

Fundi, Kisauni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Uchoyo siuoni katika barua hii. Mtu mchoyo asingekwepa mlango wa jirani, angepita huku anapiga mluzi. Ninachokiona ni kwamba umefungiwa mambo matatu katika furushi moja: unaombwa maarifa yako, unaombwa pampu yako, na unaombwa ubebe dhamana ya usiku wa mtoto asiye wako. Hayo hayalazimu kwenda pamoja. Waweza kutoa moja ukabaki na mengine, na pengine hapo ndipo pa kupumulia.

Lakini kabla ya yote, tuutazame huo usiku wenyewe. Wewe na mama yake mmekwisha kukubaliana, bila hata kuambiana, kwamba sukari ya mtoto inashuka kwa sababu hana pampu. Hebu fuata saa. Katika yuniti 7 za jioni, asilimia 70, yaani karibu yuniti 5, ni insulini ya mwendo wa kati. Hiyo huwa na nguvu zaidi kuanzia muda wa saa 4 hadi saa 12 baada ya kudungwa. Akidungwa saa kumi na mbili u nusu jioni, nguvu zinapanda kuanzia saa nne u nusu usiku, wakati wali wa jioni umekwisha kusagika na mtoto yuko kitandani. Kushuka saa nane usiku kwa dawa hiyo si ajabu hata kidogo. Madaktari wana njia kadhaa za kulitibu hilo bila ya pampu: kupunguza dozi ya jioni, kuitenganisha ili ile ya mwendo wa kati idungwe wakati wa kulala, au kumhamishia kwenye insulini ya siku nzima isiyo na kilele kikali, kama glargine, pamoja na ya haraka kwa kila mlo. Njia ya mwisho ina sindano nyingi zaidi na huenda ikamgharimu mama pesa, kwa hiyo si tiketi ya bure. Ila ipo, na yaonekana hakuna aliyemtajia.

Daktari amekataa programu. Je, ameulizwa kuhusu saa nane usiku? Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na nahisi kliniki imesikia moja tu. Maarifa yako hapa yana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Keti na mama huyo na daftari. Kwa wiki mbili apime na kuandika sukari kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha jioni, wakati wa kulala, na saa nane usiku. Kando ya namba aandike saa ya sindano, alichokula mtoto, na kama alicheza jioni, maana mbio za alasiri hushusha sukari hadi usiku. Muoneshe kuviringisha chupa ya mawingu kiganjani na kuipindua taratibu mpaka iwe nyeupe moja, bila kuitikisa kwa nguvu. Isipochanganyika vizuri, yuniti 7 za leo si yuniti 7 za kesho. Kisha apapase mapaja na tumbo la mtoto kwa vidole. Akikuta uvimbe laini chini ya ngozi, ni mahali palipodungwa mno. Insulini hapo huingia vibaya, leo kidogo, kesho kwa mkupuo. Na akihama kwenye uvimbe kwenda ngozi nzima, dozi ile ile yaweza kushusha zaidi, kwa hiyo amwambie daktari kabla ya kuhama.

Wakati huo huo, sukari ikishuka chini ya 3.9 na mtoto anameza, kilo 26 zahitaji kama gramu 8 za sukari, yaani vijiko viwili vidogo vilivyosawazishwa, kwenye maji. Apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado. Akiwa haitiki, asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali. Hili halingoji uamuzi wako wala wa daktari.

Sasa kuna jambo ambalo wewe kama mtumiaji wa lupu, yaani mzunguko huo wa senza, programu na pampu, huenda unalijua ila umelisahau. Mmarekani Dana Lewis, ambaye yeye na wenzake walianzisha OpenAPS, mradi wa wagonjwa kujijengea lupu, mwaka 2015, hakuanza na pampu inayojiendesha. Alianza mwaka 2013 na tatizo la usingizi: kengele ya senza yake ilikuwa ndogo, haimwamshi. Wakatengeneza kengele kubwa zaidi, halafu hesabu ya kutabiri sukari inakoelekea, ndipo mwishoni wakaiunganisha na pampu. Na John Costik wa jimbo la New York, ambaye kazi yake ilizaa Nightscout, mfumo wa kuitazama sukari ya mtu kupitia mtandao, alitaka kitu kimoja tu: kuiona sukari ya mwanawe mdogo akiwa mbali naye. Kazi hii yote ya wagonjwa kujitengenezea ilianza na kuona na kuamshwa. Insulini ilifuata nyuma.

Kwa hiyo kuna ngazi ya katikati hujaitaja: senza peke yake, bila ya pampu. Simu moja ya bei nafuu ilale karibu na mtoto ikiwa na xDrip+, programu ya kusoma senza, na simu ya mama ipokee namba zake, iwe na kengele ya kumtoa mtu kitandani. Senza husoma majimaji ya chini ya ngozi, na sukari inaposhuka huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10. Kengele ikiwekwa 3.9 yaweza kulia tayari mtoto yuko 3.2, ndiyo maana wengi kwa usiku huiweka juu zaidi, 4.5 au hata 5. Mtoto akiulalia mkono wenye senza, itaonesha kushuka kusikokuwepo, basi mama asimpe sukari kila kengele bila kumchoma kidole. Ngazi hii haitii insulini yoyote mwilini, na hapo ndipo usalama wake ulipo. Ubaya wake ni pesa na uchovu. Siku 14 kwa senza ni senza 26 kwa mwaka, kama hakuna inayobanduka, na kwa jasho la Mombasa la Machi na mtoto wa kuogelea, zitabanduka. Mkufu ukiuzwa utanunua senza ngapi? Zikikatika mwezi wa tano, mama atakuwa amezoea kuamshwa na hana tena cha kumwamsha. Ukimsaidia hapa, msaidie na hesabu hiyo pia. Huenda ikatosha kuzitumia kwa vipindi, wiki mbili dozi zinapobadilishwa, ili daktari auone usiku mzima, sio tone moja la saa nane.

Nije kwenye lupu yenyewe. Sitaki kuidharau, maana ushahidi wake ni mzuri. Katika jaribio la New Zealand linaloitwa CREATE, lililochapishwa 2022, watu 97 wa miaka 7 hadi 70 walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliopewa mfumo uliojengwa juu ya AndroidAPS walipanda kutoka asilimia 61 hadi 71 ya muda wa siku wakiwa baina ya 3.9 na 10. Walikuwemo watoto karibu nusu, na hakuna aliyepata kushuka kwa hatari. Ukimwambia hivyo daktari, huenda akaketi vizuri kitini. Lakini mwambie na yaliyobaki: hata kundi la kulinganishia lilikuwa na pampu na senza, vifaa vilikuwa vipya, na wataalamu walikuwa nyuma yao. Halikulinganisha lupu na 30/70 mara mbili kwa siku, wala halikujaribu pampu ya mtumba yenye mirija ya kungoja mgeni kutoka London.

Na mtoto si wewe mdogo. Tuseme wewe watumia yuniti 40 kwa siku. Kwa kanuni ya kukadiria, 100 ugawe kwa 40, yuniti moja yakushusha 2.5. Yeye atumia 20, kwa hiyo yuniti moja yamshusha kama 5. Ukinakili mipangilio yako ukaitia kwenye simu yake, sukari ikiwa 11 programu itaona yahitaji yuniti 2 kumfikisha 6. Kwake, yuniti hizo 2 zashusha 10. Programu ina ukomo wa umri: ukichagua mtoto, dozi moja haizidi yuniti 5. Piga hesabu mwenyewe 5 mara 5. Ukomo huo hauwezi kumlinda na namba zilizokosewa. Namba zake, yaani insulini ya msingi ya kila saa, wanga unaolingana na yuniti moja, na kiasi ambacho yuniti moja humshusha, hazipo bado popote, maana 30/70 haizioneshi. Zinapatikana baada ya kuishi wiki kadhaa kwa insulini ya msingi na ya mlo, kila moja ikidungwa peke yake, pamoja na daktari. Yaani hata ukiamua kumpa kila kitu leo, njia inapita palepale kliniki.

Halafu pampu ina hatari yake ambayo sindano ya mawingu haina. Ndani yake mna insulini ya haraka peke yake. Kanyula, ule mrija mfupi unaopenya ngozini, ikijikunja chini ya ngozi saa tatu usiku, au mrija ukichomoka mtoto akigaragara na nduguze, hakuna akiba mwilini. Kufika alfajiri ketoni, yaani asidi za damuni mwili ukikosa insulini, zinapanda. Mama lazima ajue kwamba sukari juu ya 14 isiyoshuka baada ya dozi ya kusahihisha maana yake ni kudunga kwa kalamu ya insulini, kubadilisha kanyula, na kupima ketoni, na kwamba kutapika ni hospitali hapo hapo. Kanyula hubadilishwa kila siku 2 au 3, yaani zaidi ya 120 kwa mwaka. Insulini ndani ya pampu ikipita nyuzi 37, kwa mfano ikiachwa juani ufuoni, ni ya kutupwa. Stima ikipotea na simu ikazima, pampu hurudi kwenye kiwango kilichopangwa, kwa hiyo hicho kiwe salama peke yake bila ya programu. Na shuleni je? Shule zetu haziruhusu simu. Nani atamwachia mtoto wa miaka 9 simu mkobani, na mwalimu gani atakayeelezwa?

Haya siyasemi ili ukatae. Wapo wazazi wanaoyamudu yote hayo, na mama anayeamka usiku kumpima mwanawe tayari ana kilicho kigumu kufundishwa. Swali langu ni juu ya dhana yako kwamba kutoshika kompyuta ndiko kunamzuia. Kompyuta ni yako, mikono yaweza kuwa yake. Anayejua kukadiria moto wa mafuta ya karai hashindwi kubofya akielekezwa, na nywila ya ufunguo aiandike yeye kwenye daftari lake. Sababu ya kanuni ile ya kila mtu ajijengee si ubahili. Toleo jipya likitoka, la zamani hufika siku likaacha kufunga lupu, yaani kuiamuru pampu lenyewe, na ikiwa mjenzi ni wewe, kila badiliko na kila hitilafu ya saa nane usiku itapiga simu yako. Na ile mitihani iliyomo ndani ya programu, inayofungua hatua moja baada ya nyingine, kwanza kutoa ushauri tu, halafu kusimamisha insulini sukari ikishuka, ndipo kufunga lupu kamili: kumtafsiria maswali ni msaada. Kumjibia ni kumvua kinga. Huenda akafika hatua ya pili akaona yamtosha kwa usiku.

Ukijenga wewe ukamkabidhi, jambo linabadilika sura. AndroidAPS haijaidhinishwa na mamlaka yoyote. Ulipoivaa wewe, hatari ilikuwa ya mwili wako. Kuikabidhi kwa mtoto wa mtu kwaweza kuonekana ni kutoa kifaa cha tiba, na vifaa vya tiba hapa kwetu vinasimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muulize wakili, usiniulize mimi peke yangu. Mei 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya mtu mmoja kuzidishiwa insulini mara kwa mara na mfumo usioidhinishwa uliopewa namba mbovu za senza, hadi akahitaji tiba. Mamlaka hiyo hiyo, Januari 2023, iliidhinisha Tidepool Loop, programu ya kuendesha pampu ambayo chimbuko lake ni kazi ya wagonjwa. Kwa hiyo mlango haujafungwa daima, na daktari anayekataa leo asihesabiwe adui.

Imebaki pampu ya akiba, ambayo mke wako na mama yako wanaivuta huku na huku. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo sababu hulali. Nami nikuulize: pampu yako ikikwama kesho alasiri, nyumbani una insulini ya siku nzima na kalamu, na wajua dozi utakayoanza nayo usiku huo? Kama huna, akiba hiyo si ya ziada, ni nusu ya tiba yako. Kama unayo, una nafasi ya kufikiri, na kuazima kwa maandishi mbele ya shahidi, na siku ya kurudisha, si sawa na kutoa. Ila pampu ya mtumba isiyo na dhamana ikimfia mtoto, itamfia akiwa hana ya pili. Hilo mama alisikie kutoka kwako mapema, sio siku ya tukio.

Anza kwa kupita mlangoni kwao, umwambie kwamba habari ya pampu hujaijibu bado, lakini daftari mtaliandika pamoja kuanzia jioni hiyo. Wiki mbili zikiisha niletee namba za saa nane usiku, saa za sindano, na jibu la daktari baada ya kuziona. Nikipata hizo, barua yangu ya pili itakuwa na la kusema zaidi.

Mshauri